Kliniki ya Wanawake Iliyopima Kinyama cha Kizazi Kabla ya Kuandika Dawa

Nina miaka 46, na kwa miezi minane hedhi yangu ilikuwa ikija bila mpangilio na kukaa hata siku 12, kwa wingi ulionilazimu kutandika khanga kuukuu kwenye kiti cha gari. Zahanati ya kwanza iliniandikia vidonge vya kukata damu. Ya pili ilisema ni dalili za kukaribia ukomo wa hedhi, ikapendekeza nisafishwe kizazi. Ndiyo maana nilipofika katika kliniki hii binafsi jijini Dar es Salaam sikuwa na matumaini makubwa.

Daktari aliuliza kwa karibu nusu saa: tarehe za hedhi, mimba, dawa, kisukari, saratani katika ukoo. Kisha nilipimwa mimba (nilicheka, ingawa alikuwa sahihi), wingi wa damu, ambao ulikuwa 7.9, yaani pungufu, na ultrasaundi ya kupitia ukeni, iliyoonyesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ukiwa na unene wa milimita 19. Alinieleza kwamba mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa na damu, ukuta usiozidi milimita 4 kwa kawaida huondoa hofu, lakini kwa sisi ambao bado tunapata hedhi unene hupanda na kushuka ndani ya mwezi, hivyo namba peke yake haitoshi na ni lazima kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta huo, kipimwe.

Kinyama kilichukuliwa palepale kwa mrija mwembamba wa plastiki, bila kulazwa wala nusu kaputi. Niliambiwa nitasikia maumivu “kidogo kama ya hedhi”. Ukweli ni kwamba nilishika kingo za kitanda kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa amenishauri kumeza dawa ya maumivu saa moja kabla. Halafu nikakabidhiwa kichupa chenye kinyama hicho ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi, kimeviringishwa ndani ya glavu, nikipeleke maabara mwenyewe, na jina langu la ukoo lilikuwa limekosewa. Majibu niliyoahidiwa kwa wiki moja yalitoka siku ya 19, baada ya kupiga simu mara nne.

Maelezo ya majibu, hata hivyo, sijawahi kuyapata kwingine. Daktari alichora mfuko wa uzazi nyuma ya fomu, akaonyesha jinsi homoni ya estrojeni inavyoujenga ukuta mfululizo pale yai lisipopevuka na homoni nyingine, projesteroni, isipotoka ya kuusawazisha, na jinsi mafuta ya mwili yanavyoongeza estrojeni hiyo. Ukuta wangu ulikuwa umenenepa bila seli zisizo za kawaida. Zingekuwepo, alisema, angenishauri kutoa kizazi, kwa kuwa huenda saratani ikawa imejificha humo. Kati ya vidonge vya homoni vya kila siku na kitanzi cha kizazi chenye levonojestreli, homoni inayofanya kazi kama projesteroni, miligramu 52, nilichagua kitanzi, pamoja na dawa za kuongeza damu. Matone ya damu ya miezi mitatu ya mwanzo yalinitisha bure, maana sikuwa nimetahadharishwa.

Baada ya miezi sita kinyama kilirudiwa, safari hii nikiwa nimemeza ibuprofeni nyumbani kwa uamuzi wangu, na majibu yalionyesha ukuta umerudi katika hali ya kawaida. Kipimo kingine kimepangwa baada ya miezi sita mingine. Kichupa nilipewa tena mkononi, ila nilisoma jina langu herufi kwa herufi kabla ya kutoka mlangoni.