Steringi Ndiye Adui: Tumesoma Ripley Under Ground, Tukagombana

Haya, mambo vipi watazamaji wangu. Samahanini kwa hili koti, siumwi. Ni Julai hapa Mbeya, nimeamka kurekodi mapema, na huko nje hata mlima Loleza sijauona kwa ukungu. Mkiona mkono unatetemeka mjue ni baridi, maana hata chai ya tangawizi imeshindwa.

Kitabu chenyewe ni hiki hapa, ngoja nikisogeze. Ripley Under Ground, mwandishi Patricia Highsmith, Mmarekani. Kilitoka mwaka 1970 na ni sehemu ya pili ya habari za Tom Ripley. Ya kwanza ilitoka 1955, kwa hiyo wasomaji wake walisubiri miaka 15. Sisi tukisubiri wiki mbili sehemu inayofuata ya hadithi ya mtandaoni tunatukana.

Leo siwaletei maoni yangu peke yangu. Tuko wasomaji sita, tuna nakala mbili, tunapokezana. Jumapili tulikutana pale Uyole kwenye kibanda cha chipsi kukijadili, na tulibishana mpaka mwenye kibanda akaja kuuliza nani kadhulumiwa hela.

Kwa ambao hamjui kabisa: Tom Ripley ni kijana wa New York, hana mbele wala nyuma, anatumwa Italia na tajiri mmoja akamrudishe mwanawe, Dickie Greenleaf. Badala ya kumrudisha, anamuua wakiwa kwenye boti, anavaa nguo zake, anatumia jina lake na kula hela zake. Wengi mmeiona kwenye filamu ya 1999 ya Matt Damon, au ile tamthilia ya 2024 ya Andrew Scott. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Na hakamatwi! Hapo ndipo sisi wa huku tunapopata shida. Tumelelewa na mashujaa wa riwaya za upelelezi, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, na kwenye mabanda ya video tukafundishwa sheria moja tu: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Sasa huyu naye hafi, ila steringi mwenyewe ndiye adui.

Kuanzia hapa nitataja mambo ya ndani. Mwenye kutaka kusoma kwanza akaendelee na shughuli zake, arudi baadaye.

Sehemu ya pili inaanza Tom akiwa bustanini kwake. Bustanini, jamani! Imepita miaka sita hivi tangu ya Dickie. Sasa anakaa Ufaransa, kwenye nyumba nzuri iitwayo Belle Ombre, kijijini, si mbali na Fontainebleau. Ana mke, Heloise, binti wa tajiri wa dawa. Ana mama wa kazi, Madame Annette, anayempikia. Simu inalia kutoka London, mambo yameharibika. Kuna mchoraji aliyeitwa Derwatt, alishakufa, lakini rafiki zake wametangaza kwamba yuko hai, kajificha kijijini huko Meksiko. Picha zake mpya zinachorwa na rafiki yake mwingine, Bernard Tufts. Wameshafungua na kampuni yenye jina la Derwatt, inauza vifaa vya uchoraji, na Tom anakula asilimia yake. Halafu anatokea Mmarekani mmoja mpenda picha, Murchison, anasema hapana, hii zambarau si ya Derwatt. Rangi tu hiyo. Derwatt alishaiacha ile zambarau miaka mingi, akawa anachanganya rangi zake mwenyewe, iweje airudie?

Tom anafanya nini? Anapanda ndege kwenda London, anabandika ndevu, anakaa mbele ya waandishi wa habari na kusema: mimi ndiye Derwatt.

Hapo mwalimu wetu, anafundisha sekondari, alifunga kitabu. "Ndevu za dukani? Halafu kesho yake anakwenda kuongea na mtu yuleyule kwa sura yake ya kawaida, na mtu hashtuki?" Mwalimu, uko sahihi, hapo mwandishi katudhulumu kidogo. Mimi niliimeza ile sehemu kama unavyomeza mchawi kugeuka paka kwenye hadithi ya bibi, hadithi isonge.

Ila ugomvi wenyewe haukuwa wa ndevu, ulikuwa wa Murchison. Tom anamkaribisha nyumbani kwake Ufaransa, anampa chakula, anampa chumba. Anaongea naye vizuri amshawishi aachane na hayo mambo. Mzee wa watu hataki, yeye anataka ukweli ujulikane. Basi wanashuka kwenye chumba cha chini wanakoweka mvinyo, na Tom anampiga na chupa, kwisha habari.

Tuna mama mmoja kwenye kikundi, muuguzi mstaafu, alikiacha kitabu hapohapo na hajarudi tena. Alisema, "Mgeni! Umemlisha, umemtandikia kitanda, halafu?" Tulimwambia mama, mbona Dickie ulivumilia? Akajibu kwamba Dickie alikuwa na dharau, na yule kijana alikuwa na njaa.

Hilo jibu nimekaa nalo wiki nzima, na ndiyo sababu ya video hii. Sehemu ya kwanza inampa msomaji kisingizio. Tom ni maskini, ananyanyaswa, anatamani vitu ambavyo wenzake wanavichezea. Ukimtakia mema unajitetea: mazingira, bwana. Sehemu ya pili inakunyang'anya hicho kisingizio. Hana njaa tena, ana bustani. Anaua ili chakula cha jioni kiwe palepale mezani na Madame Annette asishtuke. Na bado, bado, unataka asikamatwe! Wasomaji wanaosema hii ya pili ni dhaifu kwa sababu Tom hana tena msukumo, mimi nadhani wamekasirishwa na kitu kingine. Wamejikuta upande wake na safari hii hawana cha kusingizia.

Ushahidi ninao. Mkaguzi wa polisi, Webster, anatoka London kuja kuuliza maswali, na kule chini kwenye sakafu kuna doa. Mwalimu yuleyule aliyefunga kitabu kwa ajili ya ndevu, alikiri mbele yetu sote kwamba alijikuta anaomba Webster asilitazame lile doa. Mwalimu wa nidhamu huyo, mnajua! Tulicheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa ameomba hivyohivyo.

Sasa twende kwa Bernard, ambaye kwangu ndiye mwenye kitabu. Huyu ndiye anayeghushi, na ndiye mwenye dhamiri. Alimpenda Derwatt kama ndugu, na sasa kila picha anayochora inamla. Kachora kama Derwatt kwa muda mrefu hadi picha zake mwenyewe zinamshinda. Na Tom, yeye ana picha mbili ukutani kwake, moja ya Derwatt kweli na moja ya Bernard, na ile ya Bernard ndiyo anayoipenda zaidi! Wala haionei aibu hata kidogo. Kwake feki iliyokaa vizuri ina heshima yake, na ukimwangalia mwenyewe maisha yake ni hivyohivyo.

Mwanakikundi mwenzetu mmoja ni fundi cherehani wa pale Mwanjelwa. Alikaa kimya sana siku hiyo, halafu akasema, nanukuu maneno yake kwa ruhusa yake: "Mteja ananiletea picha kwenye simu, dada nishonee kama hii. Miaka minane nashona kama hii. Mwaka jana nikasema nishone gauni la kutoka kichwani kwangu. Nilikata kitambaa, nikakiangalia, mkono ukagoma. Bernard mimi namjua." Hapo hata chipsi zilipoa. Sijawahi kusikia uchambuzi wa kitabu hiki unaoufikia huo, na dada hajasoma fasihi popote.

Udhaifu upo. Katikati kuna simu nyingi mno, London, Paris, London tena, mtu anapanda ndege kama sisi tunavyopanda daladala za Kabwe. Heloise hakupewa nafasi. Ni mwanamke mwenye akili, anahisi mambo, lakini mwandishi anamtoa safarini kila anapotaka kuuliza swali zuri. Na kuna kijana wa ukoo wa Greenleaf, Chris, anakuja kutembea Belle Ombre, nikategemea moto, akawa moshi. Wawili kati yetu walipenda ya kwanza kuliko hii, watatu hii kuliko ya kwanza, na mama hahesabiki maana yeye kagoma.

Kama bidhaa: nakala yangu niliipata kwenye mitumba ya vitabu, shilingi 8,000. Maandishi madogo, karatasi imekuwa ya njano, lakini gundi imeshika. Ni Kiingereza, wala si kigumu. Highsmith anaandika sentensi fupi, kavu, mtu anauawa kwa maneno yaleyale anayotumia kuelezea kahawa. Ukiwa na Kiingereza cha kidato cha nne na subira kidogo utafika. Usianze na hii lakini, anza na ya 1955, vinginevyo hutaelewa kwa nini Tom anashtuka jina la Greenleaf likitajwa. Baada ya hii zipo nyingine tatu: ya 1974, 1980 na 1991. Mimi ya 1974 nimeshaanza kuiwinda.

Nampa nane kwa kumi. Mbili nimekata, moja ya ndevu, moja ya Heloise.

Halafu jambo moja jamani. Nakala ya pili iko kwa kaka yetu wa bajaji, anasoma akisubiri abiria, na jana kaniambia ndiyo kwanza Tom amemfuata Bernard huko Salzburg, Austria. Yeye video hizi anaziangalia. Kwa hiyo kwenye maoni hapo chini andikeni yote, ila ya Salzburg mnyamaze mpaka Ijumaa.