Linux Mint kwenye kompyuta ya mwaka 2015: uzoefu wangu wa miezi sita

Kompyuta mpakato yangu ni ya mwaka 2015. Prosesa ni Intel Core i5 ya kizazi cha tano, RAM ni GB 4, na diski iliyokuja nayo ilikuwa ile ya kuzunguka, GB 500. Habari kwamba Windows 10 ingeacha kupewa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025 zilinikuta ninaitumia kila siku. Nikasoma masharti ya Windows 11: chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha inaanzia, isipokuwa chache sana, kizazi cha nane. Yangu haimo. Lakini kibodi yake ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandikia, kioo hakina hata doa, na sikuona kwa nini mashine inayofanya kazi iende jalalani. Nikaamua kuijaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo la 22.1 lenye mwonekano uitwao Xfce, ambalo ndilo jepesi kati ya matoleo yake matatu.

Kilichonipa moyo ni kwamba hulazimiki kufuta chochote ili kuonja. Unapakua faili ya ISO, yaani faili moja iliyobeba mfumo mzima, unaiandika kwenye flashi, unawasha mashine kwa hiyo flashi, na mfumo unafunguka mzima bila kugusa diski yako. Nilikaa nao hivyo jioni mbili nikikagua sauti, kamera, mwangaza wa kioo, na hata kama mashine inalala na kuamka vizuri ukifunika kifuniko. Usiruke hatua hii. Na usiruke ile ya kulinganisha namba ya SHA256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, ya faili uliyopakua na ile iliyotolewa na mradi wenyewe: Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Mint wakaelekeza watu kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Waliolinganisha namba kutoka chanzo safi wangeona tofauti papo hapo. Ni kazi ya dakika mbili.

Kitu kimoja tu kiligoma: waifai. Chipu yake imetoka kwa kampuni ambayo draiva yake (programu inayokiendesha kifaa) si ya chanzo huria, kwa hiyo haikuwashwa yenyewe. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikashiriki intaneti yake, nikafungua sehemu ya kusimamia draiva, nikateua iliyopendekezwa, nikawasha upya. Ikashika, na haijanisumbua tena hadi leo. Ila ninajua kwamba mtu ambaye hajawahi kuambiwa kuwa simu inaweza kuipa kompyuta intaneti kupitia waya angekwama hapo hapo na kurudi alikotoka, akiwa na haki ya kukasirika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wanaosifu Linux hulipita haraka. Wanakwambia, "Weka Linux, kompyuta kongwe itakuwa mpya." Mimi niliiweka kwanza kwenye diski ileile ya zamani, na kwa wiki mbili nilihesabu. Kuwaka hadi kivinjari kufunguka kulichukua kama dakika moja na nusu. Ni nafuu, lakini si upya. Kisha nikafungua skrubu za chini, nikatoa diski ya kuzunguka, nikaweka SSD, diski ya chipu za kumbukumbu, nikasakinisha tena. Safari hiyo hiyo ikawa sekunde 25. Diski ya kuzunguka ina sahani inayogeuka mara 5,400 kwa dakika na mkono unaokimbia huku na huko kutafuta kila kipande cha faili, na programu moja ikifunguka huwa inaomba vipande vingi vilivyotawanyika. SSD haina kinachotembea. Kwa hiyo ukiniuliza nani aliyeiponya mashine hii, nitasema SSD ndiyo iliyoiondolea uzito, na Mint ndiyo iliyonipa mfumo unaoendelea kulindwa. Ni mambo mawili, na mtu akiyachanganya atamtuma mwenzake kusakinisha Linux kwenye diski inayokaribia kufa, kisha amsikie akilalamika.

RAM ya GB 4 inatosha, lakini uwe na adabu. Mint yenyewe inasema GB 2 ndicho kiwango cha chini na 4 ndicho kinachopendekezwa. Mfumo wenyewe hauli RAM nyingi. Mlaji mkubwa ni kivinjari. Nikifungua kurasa zaidi ya kumi pamoja na simu ya video, mashine huanza kuhema. Natafuta kipande kingine cha RAM cha GB 4.

Ninachokipenda zaidi katika matumizi ya kila siku ni masasisho. Orodha inaonekana, unasoma kila kimoja ni cha nini, unaamua lini, na mashine haijizimi katikati ya kazi yako. Halafu kuna Timeshift, programu inayopiga picha ya mfumo, yaani inayohifadhi hali yake ili uweze kuirudisha, kwa tarehe unazotaka. Nilitaka kujua kama ni ya kweli, hivyo nikapiga picha, nikafuta kwa makusudi programu kadhaa muhimu hadi paneli ya chini ikatoweka, kisha nikarudisha. Kila kitu kikarudi mahali pake. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida Timeshift haigusi nyaraka zako wala picha zako za familia. Hizo zinahitaji nakala yake, kwenye diski nyingine.

Kuhusu nyaraka: LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, imo tangu mwanzo na inafungua faili za Word. Mpangilio unaweza kuhama kidogo, na mara nyingi sababu ni fonti, kwa kuwa Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. Fonti huru za Carlito na Caladea zimechorwa kwa vipimo vilevile vya herufi, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Hakikisha unazo. Printa ilitambuliwa yenyewe.

Mama huitumia mashine hii kwa barua na kuzungumza na wajukuu. Sikumweleza chochote.

"Mama, unaionaje?" nikamuuliza baada ya siku tatu.

"Mwanangu, mbona imepona? Ulipeleka kwa fundi gani?"

Watu wa kompyuta wana utani wao wa miaka mingi: kila Januari wanasema huu ndio "mwaka wa Linux", yaani mwaka ambao watu wa kawaida wataihamia. Nacheka nao, lakini naona unalenga pasipo. Simu za Android zinaendeshwa na keneli (kiini cha mfumo) ya Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 kwenye orodha ya dunia ya kompyuta zenye nguvu zaidi zinatumia Linux. Kilichobaki ni meza ya mtu wa kawaida, na pale kizuizi ni programu ambazo mtu amezizoea.

Kwa hiyo kama riziki yako inategemea Photoshop au Word kamili ya kwenye kompyuta, usihame; hazisakinishwi kwa njia ya kawaida. Kama unacheza mchezo wa kompyuta wa Valorant, kadhalika. Kama unaandika, unasoma, unatuma barua pepe, unaangalia video na kupiga hesabu kwenye majedwali, jaribu na flashi wikiendi hii.

Matoleo yote ya Mint 22 yatapewa masasisho ya usalama hadi 2029. Mashine yangu itakuwa na miaka 14. Bawaba ya kushoto ya kioo imeanza kulegea, na nimeshaagiza nyingine.