Kupimwa akili Kisumu: mpimaji hodari, ripoti nusu

Kliniki hii ya saikolojia mtaani Milimani hutumia WISC-V, kipimo cha akili cha watoto wa miaka 6 hadi 16. Upimaji wenyewe hauna lawama: mtoto peke yake na mpimaji, mzazi nje, saa ya sekunde mkononi. Kwenye zoezi la kupanga vipande vyekundu na vyeupe kuiga mchoro, mchoro uliokamilika baada ya muda haupewi alama, hata uwe sahihi. Mtoto makini anayenyoosha kila kona huumia hapo. Mpimaji wao huliandika hilo, na wengi hawajisumbui.

Ripoti ndiyo inayokera. Inatoa namba moja tu ya jumla, ilhali kipimo kina faharasa tano, yaani alama za maeneo mbalimbali ya akili: lugha, maumbo, mantiki, kumbukumbu na kasi. Zidai zote. Dai pia kiwango cha makosa ya kipimo, yaani alama inaweza kupotoka kwa kiasi gani, maana 127 na 130 karibu ni kitu kimoja, ingawa shule inayoweka kikomo cha 130 humwacha wa kwanza nje.

Viwango vya kulinganishia alama katika toleo la Marekani vilitokana na watoto wa huko. Anayeongea Kijaluo nyumbani aweza kushuka kwenye msamiati. Omba aongezewe Raven, kipimo cha kukamilisha michoro kisicho na maneno. Chukua nafasi ya asubuhi, mtoto akiwa ameshiba. Na msirudie kabla ya mwaka kwisha: mazoea hupandisha alama.