Whitney Houston: Je, mkusanyiko wa mwaka 2000 unastahili pesa zako?

Hamjambo watazamaji, na karibuni. Leo ninachambua "Whitney: The Greatest Hits", mkusanyiko wa diski mbili ambao kampuni ya Arista iliutoa mwezi Mei mwaka 2000, na ambao baadhi yenu mmeniuliza kama unafaa kununuliwa hata leo, wakati nyimbo zote zimo kwenye simu. Msimamo wangu ni huu: katika nyimbo za mapenzi sijasikia mkusanyiko unaoipita diski yake ya kwanza, lakini diski ya pili inamnyima mnunuzi baadhi ya nyimbo zilezile zilizomfanya autafute.

Diski ya kwanza ni ya nyimbo za taratibu, nazo zimepangwa kwa kufuata miaka, kuanzia "You Give Good Love" ya albamu yake ya kwanza ya mwaka 1985 hadi kuifikia "My Love Is Your Love" ya mwaka 1998, iliyoandikwa na Wyclef Jean na Jerry Duplessis. Mpangilio huo unakuwezesha kuisikia sauti yenyewe ikikua. Katika "Saving All My Love for You" unamsikia msichana mwenye uwezo mkubwa anayejizuia kwa makusudi, akiyatamka maneno kwa upole na kuiweka nguvu yake akiba hadi mwisho. Ukifika "Heartbreak Hotel", sauti imeshuka na kuwa nzito zaidi, na mwimbaji anauegemea mdundo badala ya kupaa juu yake.

Katikati ya safari hiyo upo "I Will Always Love You". Wapenzi wa muziki wa kantri, ambao hapa Kenya ni wengi, wanaujua wimbo huu kutoka kwa Dolly Parton, aliyeutunga na kuutoa mwaka 1974. Whitney aliurekodi kwa ajili ya filamu ya "The Bodyguard" ya mwaka 1992, chini ya mtayarishaji David Foster, na ukakaa kileleni mwa chati ya Billboard ya Marekani kwa wiki 14. Usikilizeni kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu mwanzo wake hauna ala hata moja: ni sauti tupu, pamoja na pumzi anazovuta kati ya mstari na mstari, na katika spika ndogo ya simu pumzi hizo hupotea kabisa. Baadaye saksafoni ya Kirk Whalum inaingia, muziki unanyamaza kwa kitambo kidogo, ngoma inapigwa mara moja, na kiitikio kinapanda ufunguo mpya, yaani kinaimbwa kwa sauti ya juu zaidi. Wimbo huu hupigwa sana katika harusi za hapa Nairobi, ingawa maneno yake ni ya mtu anayeaga na kuondoka. Ningewaomba maharusi wayasikilize vizuri kabla ya kuuchagua.

Sasa diski ya pili. Kati ya mwaka 1985 na 1988 Whitney alikuwa na nyimbo saba mfululizo zilizoshika nafasi ya kwanza Marekani. Nne za taratibu zimo katika diski ya kwanza kama zilivyorekodiwa. Tatu za kuchezeka, yaani "How Will I Know", "I Wanna Dance with Somebody" na "So Emotional", zimewekwa hapa kama rimiksi, yaani zimetengenezwa upya kwa mdundo mwingine. Mtayarishaji wa zote tatu alikuwa Narada Michael Walden, na uzuri wa kazi yake ulikuwa katika mambo madogo: katika "How Will I Know", kwa mfano, mmoja wa waitikiaji ni Cissy Houston, mama mzazi wa Whitney, na majibizano hayo ndiyo yanayoubeba wimbo. Rimiksi ya wimbo huo, ya DJ Junior Vasquez, inaweka mbele mdundo wa klabu, na sauti ya Whitney inabaki kupita juu yake kama mgeni. Rimiksi si kosa, na ile ya watayarishaji wawili wajiitao Thunderpuss ya "It's Not Right but It's Okay" ina haki kamili ya kuwemo, kwani ndiyo iliyoupa wimbo umaarufu wake katika kumbi za dansi. Kosa ni kuziita nyimbo hizi bora kisha kuziondoa zile ambazo watu walizipenda.

Kuhusu nyimbo mpya za wakati huo, ule wa pamoja na Deborah Cox, "Same Script, Different Cast", ni mzuri kweli, wanawake wawili wakijibizana juu ya mwanamume mmoja bila yeyote kumfunika mwenzake. Ule wa Enrique Iglesias unapendeza na kusahaulika.

Kwa hiyo, ikiwa gari lako limetoka Japani na redio yake haizipati stesheni nyingi za FM za hapa kwetu, lakini kicheza sidi bado kinafanya kazi, tafuta mkusanyiko huu na uiweke diski ya kwanza kwa ajili ya foleni ya Barabara ya Mombasa. Kabla ya kulipa, fungua jalada uhakikishe kwamba diski hiyo ndiyo iliyomo na haina mikwaruzo. Nyimbo za kuchezeka zichukue kwingine: albamu yake ya mwaka 1987, iitwayo "Whitney", inafunguliwa na "I Wanna Dance with Somebody" kama ulivyorekodiwa, na "So Emotional" nao umo humo humo.