Uzoefu wangu na i1Display Pro, kifaa cha kupima rangi za skrini

Ninapiga picha za harusi, na malalamiko niliyoyapokea mara nyingi kutoka kwa wateja ni kwamba gauni la rangi ya maziwa limetoka la manjano kwenye albamu, au kwamba nyuso zimekuwa nyekundu zikitazamwa kwenye simu. Kwa ajili hiyo nilinunua X-Rite i1Display Pro, kifaa kidogo kinachoning'inizwa mbele ya skrini ili kipime rangi zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine. Nilikitumia na DisplayCAL, programu ya bure inayotegemea ArgyllCMS (mfumo wa bure wa kusimamia rangi), nikachagua weupe wa kelvini 6500, gama (namna mwanga unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe) ya 2.2 na mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba.

Monita yangu ilikuwa imeegemea mno kwenye bluu na mwanga wake ulikuwa mkali kupita kiasi. Baada ya kuisawazisha, kijivu kilikuwa kijivu kweli, na mikunjo ya suti nyeusi ya bwana harusi, ambayo awali ilikuwa giza tupu, ikaanza kuonekana.

Hata hivyo, picha ileile ya kitenge chekundu iliendelea kutofautiana: katika programu ya kuhariri wekundu ulikuwa umetulia, lakini katika programu ya kutazamia picha uliwaka kama kaa la moto. Kifaa hakikuwa na kosa. Faili la picha hubeba namba tu, na nyekundu ya 255, yaani ya juu kabisa, kwenye monita yenye wigo mpana wa rangi ni kali kuliko nyekundu ya 255 kwenye skrini ya kawaida, isipokuwa programu isome profaili (maelezo ya maana halisi ya namba za rangi) ya picha na profaili ya skrini, kisha itafsiri namba hizo. Kifaa hurekebisha weupe na gama kupitia kadi ya video, jambo linalozifaidi programu nyingi, lakini profaili kinayoitengeneza hunufaisha zile tu zinazoisoma. Kwenye Firefox nililazimika kubadilisha mpangilio wa gfx.color_management.mode kutoka 2 kuwa 1 ili hata picha zisizo na profaili zitafsiriwe ipasavyo.

Picha za wateja sasa nazitoa katika sRGB, kiwango cha rangi cha skrini za kawaida kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, zikiwa na profaili ndani yake. Picha ya Adobe RGB, kiwango chenye wigo mpana zaidi wa rangi, ikifunguliwa na programu isiyojali profaili hupauka, na ngozi ya mtu hupoteza uhai. Simu iliyowekwa rangi kali au mwanga wa usiku, kwa kweli, iko nje ya uwezo wa kifaa hiki.

Bei yake ni kubwa, na kwa anayeweka picha mtandaoni tu sioni ulazima wa kukinunua. Kwa anayechapisha albamu nakipendekeza bila kusita, ilimradi aombe pia profaili ya karatasi kutoka kwa mchapaji wake na kuitazama picha kupitia profaili hiyo kabla ya kuituma.