Kukosoa nchi kwa mafumbo au kwa kauli ya wazi?

Swali hili hurudi kila mara katika vijiwe vya kahawa vya Tanzania: anayeikosoa nchi yake aseme waziwazi au afumbe?

Kwa gharama, fumbo lina nafuu. Kanga iliyoandikwa «Mdhaniaye ndiye kumbe siye», ikianikwa uani siku chache baada ya uchaguzi, haina wa kushtakiwa, kwa kuwa mwenye nguo ataapa kwamba anamsema wifi yake tu. Anayeandika waziwazi mtandaoni hukabiliana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Hata hivyo, kinga ya fumbo si kamili: mwaka 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe.

Kwa uwazi wa ujumbe, kauli ya moja kwa moja haina mpinzani. Anayetaja kisima kilichoharibika, kijiji na bajeti yake humlazimisha mhusika ajibu, ilhali fumbo humpa nafasi ya kucheka pamoja na wengine, jambo ambalo, nakiri, huniudhi.

Mila zenyewe, kama mahari na unyago, hukosolewa vyema kwa fumbo, hasa mkosoaji akiwa mdogo kwa umri. Mwenye ushahidi mkononi na wakili wa kumpigia simu ana sababu ya kusema wazi. Anayehofia kupoteza kibarua chake huenda akaanza na kanga.