Tahadhari: muuzaji wa kompyuta na swichi za mtandao za mtumba anayewalenga vijana wa Lamu

Naandika kuwatahadharisha vijana wa Lamu, na wenzao wa Mpeketoni, Witu na Malindi, wanaonunua kompyuta na vifaa vya mtandao vya mtumba ili wajijengee nyumbani maabara ya kujifunzia kompyuta na mitandao. Yuko muuzaji anayejitambulisha kuwa na duka Mombasa, ambaye hutangaza kifurushi cha vipakatalishi viwili, swichi moja (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya) na diski ya TB 4 kwa Sh38,000. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mjini, na vifurushi hivyo vimekuwa vikiletwa kwangu na wanunuzi wenyewe. Simtaji jina kwa sababu hulibadilisha pamoja na nambari ya simu. Namna yake ya kuuza ndiyo isiyobadilika, na hiyo ndiyo ninayotaka ijulikane.

Huyu si tapeli wa kupokea pesa akatoweka. Mzigo hutumwa kweli, hufika Mokowe kwa basi, huvushwa kwa boti, na ukifunguliwa kila kitu huwaka. Mnunuzi akiona hivyo hushukuru na kutulia, na siku za dhamana humpita.

Vipakatalishi nilivyoviona ni Lenovo ThinkPad T480, mashine inayofaa sana kwa kazi hii: prosesa yake ya kizazi cha 8 ina viini vinne, kumbukumbu yake inaweza kuongezwa hadi GB 32, na betri yake huiwezesha kuendelea umeme unapokatika, jambo ambalo sisi wa kisiwani hatuhitaji kuelezwa faida yake. Windows hufunguka bila tatizo lolote. Kijana mmoja wa Langoni aliponiletea yake aliniambia, "Ami, inawaka vizuri, ila inanidai nywila ambayo sikuiweka." Alikuwa anataka kusakinisha kutoka kwenye flashi Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa ndani ya kompyuta moja. Nilipobonyeza F1 ili niingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ilidai nywila ya msimamizi. Nilipobonyeza F12 ili nichague flashi, menyu nayo ilikuwa imefungwa. Uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe ulikuwa umezimwa, na bila nywila hiyo hauwezi kuwashwa. Mashine inayoshindwa kuendesha mashine pepe haina kazi katika maabara ya aina hii, hata iwe na kioo kisicho na mkwaruzo.

Wapo wanaodhani kwamba ukiing'oa ile betri ndogo iliyo kwenye ubao mama nywila itafutika. Kwenye ThinkPad haifutiki, na Lenovo wenyewe husema kwamba nywila ya msimamizi ikisahauliwa, dawa yake ni kubadilisha ubao mama wote. Muuzaji analijua hilo. Mnunuzi akimpigia simu, humjibu kwa upole na kumwelekeza kwa "fundi" mwenye nambari nyingine, ambaye hudai Sh4,500 ili atoe nywila ya mashine moja. Waliolipa walipewa nywila, nayo ikafungua. Kwa mashine ya pili wakatakiwa walipe tena. Naomba jambo hili lifikiriwe kwa makini, kwa sababu nywila ya msimamizi haibahatishwi kwa simu na mtu ambaye hajaiona mashine. Anayeitaja kwa usahihi aliiweka yeye au alipewa na aliyeiweka, na ndiyo maana naamini kwamba mashine hizi hufungwa kwa makusudi kabla ya kupakiwa kwenye basi.

Diski nayo ina hila yake. Niliyoipima ni Seagate Exos, na katika SMART, yaani rekodi za matumizi ambazo diski hujiwekea, ilionyesha kuwa imefanya kazi saa 11 tu, ilhali sehemu inapochomekwa waya ilikuwa imechakaa. Diski za aina hiyo huweka hesabu ya pili iitwayo FARM, inayosomwa kwa programu ya smartctl toleo la 7.4 au jipya zaidi kwa amri ya smartctl -l farm. Hesabu hiyo ilionyesha zaidi ya saa 41,000. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski hiyo imezunguka kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Ujanja huu si wa Pwani pekee: mwanzoni mwa 2025 ilibainika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya hesabu ya SMART kurudishwa sifuri. Muuzaji alipoulizwa, alisema diski imeharibiwa na hewa ya chumvi ya Lamu. Chumvi inaleta kutu, nasi twaijua, lakini haiongezi saa kwenye hesabu ya diski.

Swichi hutangazwa kuwa ni ya Cisco yenye matundu 24 ya gigabiti. Kibandiko cha nyuma kinasema WS-C2960-24TT-L, na aina hiyo ina matundu 24 ya megabiti 100 na mawili tu ya gigabiti. Kwa kujifunza VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo, bado inafaa. Kwa kuhamisha data, TB 1 itachukua zaidi ya saa 22, badala ya saa mbili na kidogo za tundu la gigabiti.

Dhamana yake ni ya siku 7, lakini huhesabiwa tangu siku mzigo unapopakiwa, na mzigo wa Lamu mara nyingine hulala Mombasa au Mokowe. Malipo huyataka yote mapema, kwa M-Pesa ya nambari ya mtu binafsi.

Anayekusudia kununua kwa muuzaji yeyote asiye mbele yake adai simu ya video kabla ya kutoa hata shilingi. Mashine izimwe, iwashwe, F1 ibonyezwe, na BIOS ifunguke bila nywila huku nambari ya mashine ikisomeka. Kibandiko cha swichi kisogezwe karibu na kamera. Kama una ndugu Mombasa, yeye aende akaangalie na kulipa palepale. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maombi hayo. Huyu ninayemsema hukata simu.

Waliokwisha kununua, tafadhali msilipe pesa za kufunguliwa nywila. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa, risiti ya basi na picha ya tangazo, kisha mwende kituo cha polisi mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio). Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 inakataza kumweleza mnunuzi uongo kuhusu bidhaa, na upo pia uwezekano kwamba mashine iliyofungwa hivi iliibwa katika ofisi fulani, hali inayoweza kumtia matatani hata aliyeinunua kwa nia safi. Kwa sababu hiyo msizifute diski wala msiziuze mashine hizo kwa wengine. Anayetaka yake ikaguliwe aniletee. Sitoi bili kwa ukaguzi huu, na nambari za mashine nitaziandika ili zikabidhiwe polisi kwa pamoja.